Gauni la Rangi ya Limau

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Madam Jawahiri alilia. Si kwamba alikuwa na shida. Shida angeitoa wapi mwanamke mwenye friji tatu na mume anayekaa Dubai? Alimlilia msichana wa Kimarekani aliyeuza glavu dukani, ambaye kwa mara nyingine tena alikuwa amevalishwa gauni refu na kushuka ngazi huku wanaume wenye makoti meusi wakimwimbia.

Nyuma ya kochi, Zipporah Wangari alipiga pasi na kuangalia kwa jicho moja. Alikuwa ametoka Njoro mwaka uliotangulia. Ajenti wa Nairobi alimwahidi kazi ya mapokezi katika hoteli, na kwa kweli hakudanganya sana, maana Zipporah alipokea kila kitu: vyombo, nguo chafu, wageni, na lawama. Ikama yake, kile kibali cha kuishi nchini, ilisema ni mfanyakazi wa nyumbani. Haikusema kwamba pia atakuwa mwenzake Madam wa kutazama filamu, kwa kuwa Madam hakuweza kulia peke yake. Kilio chake kilihitaji shahidi.

Nchi nzima wakati huo haikuwa na ukumbi hata mmoja wa sinema. Haidhuru. Sebule ya Madam, pale Sulimaniya, Riyadh, ilikuwa na televisheni kubwa kama mlango wa gereji, na kabati lililojaa filamu za zamani alizozikusanya tangu usichana: filamu za mapenzi na mavazi, za watu wanaoanza kuimba katikati ya mazungumzo bila hata kuomba radhi.

Kwa macho ya Zipporah, zote zilikuwa filamu moja. Kuna msichana maskini, na umaskini wake unajulikana kwa sababu amevaa miwani. Anatokea bwana wa kampuni ya mitindo, mwenye umri wa kumzaa, naye anagundua kwamba miwani hutoka. Wanagombana kuhusu kofia. Wanakwenda Paris. Anavaa, anashuka ngazi, maua yanamwagwa, na hakuna anayeonyeshwa akiyafagia.

"Umeona?" Madam alipangusa machozi. "Gauni limembadilisha moyo."

"Nimeona, Madam. Na zile ngazi nani anazipiga deki?"

"Zipporah, wewe huna mapenzi."

Walizungumza kwa Kiarabu cha jikoni na Kiingereza. Kiingereza cha Madam kilitoka kwenye filamu hizohizo, kwa hiyo aliweza kukwambia kwamba nyota za mbinguni zinakuonea wivu, lakini betri ya rimoti ikiisha alikosa neno na kubaki kuonyesha kwa kidole.

Shida ilianza siku Madam alipoamua kwamba kulia hakutoshi. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa huko Jeddah. Damu ya hariri ilikuwa mwilini mwake, alisema, na yeye atashona. Maana yake ni kwamba wengine watashona. Atabuni magauni kama ya kwenye filamu, kisha atayaonyesha kwa mabibi wa Jeddah katika nyumba ya dada yake, Madam Ibtisamu, ambayo ilikuwa na kitu kimoja tu cha maana duniani: ngazi ndefu za marumaru zilizojipinda kama herufi. Mpwa wake Rima, binti wa Ibtisamu, ndiye atakayeshuka na gauni kuu. Muziki utapigwa. Taa zitawaka. Watu watalia.

Rima alikuwa Jeddah na fundi alikuwa Dira, katikati ya Riyadh kuukuu, kwenye kiduka cha vichochoroni karibu na soko. Kwa bahati nzuri au mbaya, Rima na Zipporah walikuwa na urefu mmoja na kiuno kimoja. Basi Zipporah akapandishwa cheo, akawa sanamu ya dukani. Fundi mwenyewe, mzee mmoja wa Kipakistani, hakuruhusiwa kumgusa mwanamke wala kumpima, kwa hiyo alikaa upande wake wa pazia akitoa maagizo, na Madam akakaa upande huu na pini mdomoni.

"Bana kiunoni," fundi alisema kutoka kusikojulikana.

Madam akabana. Zipporah akapiga yowe.

"Hiyo si nguo," alisema. "Hiyo ni mimi, Madam."

"Vumilia. Uzuri una uchungu."

Uzuri ulikuwa wa Rima na uchungu ulikuwa wa Zipporah. Mgawanyo huo haukumshangaza mtu. Gauni kuu lilikuwa la rangi ya limau bivu, mabega wazi, mkia mrefu wa kitambaa ukiburutika nyuma kana kwamba mtu alisahau kuukata. Zipporah alilidharau kwa dhati. Alimtumia dada yake ujumbe kwamba wanamshonea pazia la kanisa. Hata hivyo, siku lilipokamilika na Madam kumgeuza mbele ya kioo, alijigeuza tena mwenyewe bila kuambiwa, kisha akasema kwamba zipu inakwama.

Walipanda ndege kwenda Jeddah. Gauni lilipewa kiti kando ya Madam. Zipporah alipewa kiti cha mwisho kabisa, kando ya choo.

Madam Ibtisamu aliwapokea mlangoni kama mtu anayepokea bili. Alikuwa mkubwa wa Madam Jawahiri, naye aliona biashara ya mdogo wake kuwa ni homa itakayopita. Alikubali tu kwa sababu Rima alimwomba. Rima alikuwa msichana mpole wa chuo, mweupe kama maziwa, ambaye hakupenda filamu hata moja ya mama yake mdogo lakini alipenda sana kutazamwa.

Kesho yake mchana likaja suala la taa. Kampuni ya sherehe iliyokodiwa ilimleta fundi wake wa umeme na ngazi yake ya kukunja. Fundi ni mwanamume. Nyumbani mmejaa wanawake. Wote wakajifungia vyumbani, na Madam Jawahiri akaongoza mazoezi akiwa nyuma ya mlango wa chumba cha chakula, sauti yake ikipita kwenye upenyo mwembamba.

"Zipporah! Vaa gauni, simama kwenye ngazi, afunge taa juu yako!"

Zipporah akachungulia upenyo. "Madam, mwanamume si yupo hapo?"

"Ndiyo, kwa hiyo Rima hawezi kutoka."

"Na mimi?"

"Ah, wewe!" Madam alijibu, tena kwa upendo kabisa. "Wewe hakuna atakayekuangalia. Yalla."

Neno hilo Zipporah alilimeza kama kidonge bila maji. Akavaa. Akatoka juu ya ngazi, mabega wazi, nywele zake za mabutu hazijafunikwa kwa mara ya kwanza mbele ya mwanamume tangu ashuke kwenye ardhi ile. Chini, juu ya ngazi ya kukunja, alikuwa amesimama kijana mrefu mwenye bisibisi mdomoni. Akageuka. Bisibisi ikaanguka na kugonga marumaru.

"Kuna nini?" Madam aliuliza kutoka nyuma ya mlango.

"Mafi mushkila, Madam!" kijana alipaza sauti, kwamba hakuna shida. Kisha, kwa sauti ndogo na kwa Kiswahili ambacho hakingeweza kutoka nchi nyingine: "Manze. Wewe ni wa wapi?"

"Njoro," alisema Zipporah. "Na ukiendelea kukodoa hivyo utaanguka, na mimi ndiye nitafagia."

Jina lake lilikuwa Naftali Omondi, kwao Siaya, fundi wa umeme kwa mkataba. Kampuni ilikuwa imempangia chumba Karantina, kusini mwa Jeddah, mahali ambapo umeme wenyewe ulikuwa unakuja kama mgeni, kwa hiyo alikuwa fundi aliyeng'arisha nyumba za watu na kulala gizani. Aliyasema hayo akicheka. Alisogeza taa moja kulia, nyingine kushoto, akabadilisha karatasi za rangi mbele ya balbu, akashuka, akatazama, akapanda tena. Kazi ya dakika chache ikawa ya mchana mzima.

"Geuka kidogo, dada. Hapo. Sasa shuka polepole."

"Kwa nini polepole?"

"Taa zinataka hivyo."

Taa hazikutaka chochote. Zipporah alilijua hilo, na Naftali alijua kwamba anajua. Lakini alishuka polepole. Aliona mkono wake mwenyewe ukiteleza juu ya ukuta wa ngazi, ngozi yake nyeusi iking'aa kama iliyopakwa asali, na gauni lile la kejeli likiwaka limau kumzunguka. Miguu ilikumbuka kitu ambacho akili haikuiagiza: kidole mbele kwanza, kisha kisigino, kama wale wauza glavu. Alipofika chini alijikuta ameshika mkia wa gauni kwa vidole viwili. Akauachia haraka, kama aliyekamatwa akiiba.

"Halas," Naftali alisema taratibu. "Hapo ni sawa kabisa. Nisiguse tena."

Na hakugusa. Alifunga kila taa kwa nati mahali ilipokuwa, akakusanya vyombo vyake, akaomba namba ya simu, akapewa. Hakuna kati yao aliyekumbuka kwamba atakayeshuka siku ya siku ni mtu mwingine, mwenye rangi nyingine.

Jioni ya maonyesho mabibi walifika, abaya zikavuliwa mlangoni, na chini yake kukawa na dhahabu ya kutosha kufungua duka. Wanaume wote walikuwa wametolewa. Naftali alikaa nje ukutani na jenereta, ili kama umeme ukikatika aokoe sherehe ambayo hakuruhusiwa kuiona. Muziki ukaanza. Binamu wawili wakashuka na magauni madogo, wakapigiwa makofi ya adabu. Kisha Zipporah, aliyekuwa amepangiwa swichi, akaziwasha taa kuu zote kwa pamoja.

Rima akatokea.

Au tuseme mabega yake yalitokea, maana uso haukuonekana. Zile taa zilizofungwa ili kumpendeza Zipporah zilimwangukia yule msichana mweupe kama unga unaomwagwa kutoka gunia. Pua ilipotea. Nyusi zilipotea. Likabaki gauni la limau lenye kitu cheupe cha mviringo juu yake, kikijitahidi kutabasamu, na machozi ya ukali wa taa yakiteremka.

Bibi mmoja mstari wa mbele alimwinamia jirani yake. Alidhani ananong'ona.

"Mashallah. Yai la kuchemsha."

Kicheko kilipita ukumbini, kikizibwa na viganja na kutoroka kati ya vidole. Rima alisimama katikati ya ngazi, akageuka, akakanyaga mkia wa gauni, akapanda mbio na kujifungia bafuni.

Madam Jawahiri akamfuata, na Zipporah akamfuata Madam. Rima alikuwa ameshalivua gauni na kulirusha nje ya mlango wa bafu. Chini, wimbo ulikuwa umeisha na kuanza upya wenyewe. Mabibi walikuwa wanaangaliana. Madam aliliokota gauni, akalitazama, kisha akamtazama Zipporah, na kwa mara ya kwanza machozi yake yalikuwa na sababu.

"Zipporah. Tafadhali."

Alikuwa hajawahi kulisikia neno hilo kutoka kwake. Huenda hata kwenye filamu halikuwemo.

"Madam, ulisema hakuna atakayeniangalia."

"Nilisema. Vaa."

Akavaa. Zipu ikakwama, ikavutwa, ikatii. Akasimama juu ya ngazi za marumaru katika taa ambazo zilikuwa zake kwa haki, na ukumbi mzima ukainua shingo. Haikuwa adabu tena. Zipporah, ambaye alikuwa amezicheka filamu zile kwa mwaka mzima, alihisi kifua chake kikifunguka kama dirisha. Akaelewa, ghafla na kwa hasira kidogo, kwa nini Madam hulia: kuna raha ya kipumbavu, isiyo na maelezo, katika kushuka ngazi umevaa vizuri huku watu wakingoja ufike. Hakuharakisha. Katikati alisimama, akageuka mara moja, mkia ukamzunguka na kutulia. Vigelegele vikalipuka.

Basi, katika filamu, hapo ndipo angetokea bwana wa kampuni. Jeddah ilikuwa na utaratibu wake. Mabibi walimzunguka wakashika kitambaa, wakapima mshono kwa kucha, wakauliza kama linapatikana kwa mtu mnene. Mmoja alimwinua mkono kuangalia kwapa. Hakuna aliyemuuliza jina. Bibi yule wa yai la kuchemsha alimuuliza Madam kama msichana huyu anaweza kuazimwa, maana harusi ya binti yake inakaribia na mfanyakazi wa kwake ni mfupi. Dakika chache baadaye Zipporah alikuwa amerudi katika sare yake ya kijivu, akipitisha juisi ya tofaa, na wale waliompigia vigelegele walichukua glasi kwenye sinia bila kuinua macho.

Madam Jawahiri aliagizwa magauni mengi kuliko alivyoota. Lakini asubuhi yake Madam Ibtisamu alitaka damu ya mtu. Binti yake amefanywa yai mbele ya Jeddah yote. Kampuni ikapigiwa simu, na meneja akamleta Naftali mpaka kwenye baraza la nje, amesimama mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa. Madam wawili wakakaa ndani ya mlango ulioachwa wazi, wamefunika nyuso. Zipporah aliletwa na chai.

"Huyu arudishwe kwao," alisema Madam Ibtisamu. "Amefanya makusudi."

Meneja alikuwa ameshakubali kabla hajaulizwa. Naftali alimtazama Zipporah mara moja tu, kisha akatazama viatu vyake. Hakujitetea. Na angejiteteaje? Kweli alikuwa amefanya makusudi, ila makusudi yenyewe yalikuwa mengine.

Zipporah aliweka sinia chini. Kafili wake, mdhamini wa kibali chake, alikuwa mumewe Madam, na neno moja lilitosha kumpandisha ndege yeye pia.

"Madam Ibtisamu," alisema, "fundi alifunga taa juu ya mtu aliyepewa. Alipewa mimi. Wakubwa mliamua mimi ni kama Rima, ila wa kuonekana na wanaume. Kama kuna kosa, ni la yule aliyedhani taa haijui tofauti."

Meneja akaanza kusoma simu isiyokuwa na ujumbe.

"Mdogo wangu," Madam Ibtisamu alisema polepole, "mfanyakazi wako ana mdomo."

Madam Jawahiri alipaswa kukasirika, na alianza kukasirika. Zipporah aliyaona mabega yake yakipanda. Lakini alikuwa na maagizo ya magauni kwenye mkoba na miaka mingi ya kudharauliwa na dada yake moyoni, na hesabu hiyo ikamwelekeza kwingine.

"Ni mimi niliyesema," alijibu. "Nilikuwa nyuma ya mlango huo. Mwache kijana aende kazini."

Naftali akaachwa. Alipopita kando ya Zipporah kulirudia gari la kampuni alisema bila kugeuza kichwa, "Nakudai kikombe cha chai Nakuru," jambo ambalo halikuwa na mantiki, kwa kuwa mwenye deni alikuwa yeye Naftali.

Huko Riyadh, Zipporah akawa maarufu kwa namna ya pekee. Madam alimpiga picha katika kila gauni jipya na kuziweka kwenye mtandao, lakini kwa kuwa adabu ni adabu, na biashara ni biashara, alikata kichwa katika kila picha. Mabega ya Zipporah yalijulikana kuanzia Sulimaniya mpaka bahari ya Jeddah. Mwenyewe alienda sokoni Dira amefunikwa, akapita mbele ya duka ambalo limetundika picha yake ya shingo kushuka chini, na mwenye duka akamwambia asiguse kioo.

Siku moja mchana, akimenya vitunguu, alipokea picha kutoka kwa Naftali. Alikuwa ameipiga kwa siri siku ile ya mazoezi, alikiri, akiwa juu ya ngazi yake ya kukunja, na alikuwa ameogopa kuituma asije akaonekana mwizi. Alikuwa Zipporah mzima. Kichwa kilikuwepo, mabutu yalikuwepo, mdomo umefunguka nusu kwa sababu alikuwa anamwambia aangalie asianguke. Aliitazama mpaka vitunguu vikawa kisingizio cha machozi. Kisha akamjibu: "Nilikukataza kukodoa."

"Sikusikia," Naftali akaandika. "Nilikuwa kazini."

Wakaandikiana hivyo, yeye Karantina na yeye Sulimaniya, hadi mikataba yao ikaisha. Madam Jawahiri aliahidi makubwa ili Zipporah abaki. Alilia, na safari hii hakuhitaji filamu. "Nani atavaa magauni yangu?" aliuliza. Zipporah alimwambia ajaribu kuyavaa mwenyewe. Madam akaona hilo ni wazo la ajabu sana, akaacha kulia ili alifikirie, na Zipporah akatumia nafasi hiyo kufunga begi.

Naftali alitangulia kurudi. Walifunga ndoa Nakuru katika ofisi ya mkuu wa wilaya, mbele ya karani aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Zipporah alivaa gauni la buluu alilolichagua sokoni mwenyewe, fupi, lisilo na mkia, na hakuna mtu aliyeimba isipokuwa shangazi yake Naftali kutoka Siaya, mama mmoja aitwaye Beldina, ambaye karani alijaribu kumnyamazisha mara mbili na kisha akakata tamaa.